Dhahabu Inapotoka Nyeusi Pichani

Mtu wa Mbangala, wilayani Songwe, hahitaji kufundishwa dhahabu. Ukanda wa Lupa umekuwa ukivuta waosha mchanga tangu miaka ya 1920. Lakini chukua punje iliyobaki kwenye karai, iweke chini ya hadubini kama ile ya kupimia malaria, kisha ipige picha kwa simu. Itatoka nyeusi tii, kama mkaa.

Kosa si la simu. Hadubini hiyo humulika kutoka chini, na nuru hupenya damu iliyopakwa kwenye kioo. Dhahabu haipenyeki, kwa hiyo unachopiga ni kivuli chake. Zima taa ya chini, mulika tochi kutoka ubavuni, na upande wa pili simamisha kipande cha karatasi nyeupe kirudishe mwanga. Tumia lenzi iliyoandikwa 4, ambayo pamoja na lenzi ya jicho ya 10 hukuza mara 40. Ile ya 100 karibu iguse kioo. Tochi itapitia wapi?

Sasa zungusha kioo taratibu. Pairati, jiwe linalofanana na dhahabu na kuwaliza wageni wa machimbo, humeta na kuzimika kwa sababu ina nyuso bapa. Dhahabu hubaki na unjano uleule. Ukiwa bado na shaka, ibonyeze kwa sindano: dhahabu hubonyea, pairati huvunjika.

Simu yenyewe isilale juu ya lenzi ya jicho. Inyanyue kidogo kidogo, sentimita moja hivi, mpaka duara la mwanga lipanuke kabisa, kisha ishikize kwa pete ya boksi gumu. Weka kamera ijipige baada ya sekunde 3, maana kidole tu kinatosha kutikisa kila kitu.

Wala usiiamini picha kupita kiasi. Kisiwani Pemba, mtafiti Isaac Bogoch na wenzake walibandika lenzi ya mviringo ya milimita 3 kwenye iPhone ili kutafuta mayai ya minyoo kwenye kinyesi cha watoto. Matokeo yalichapishwa mwaka 2013: simu ilinasa asilimia 81 ya maambukizi ya mchango, lakini ya safura asilimia 14 tu.

Ukitaka kujaribu, omba hadubini ya maabara ya shule, usiguse ya zahanati, na funika mchanga kwa kioo chembamba. Kwatzi iliyomo mchangani hukwaruza lenzi.