Kesi Iliyoshindwa na Wakfu Iliyookoka

Wapo wanaodhani kwamba Mwislamu akishindwa mahakamani, haki yake imezikwa. Historia ya wakfu ya familia inatuonyesha vingine.

Mafakihi wengi wameona ni sadaka sahihi mtu kuwawekea wakfu watoto na jamaa zake, kisha mafakiri pindi kizazi kitakapokatika. Sayyidna Umar (R.A.) alipoweka wakfu ardhi yake ya Khaybar, aliwataja jamaa pamoja na mafakiri, wasafiri na wageni. Na Abu Talha (R.A.) alipotoa sadaka shamba lake la Bayruha, Mtume (S.A.W.) alimwelekeza awape jamaa zake.

Mwaka 1894 suala hili lilifika London, mbele ya mahakama ya mwisho ya rufaa kwa makoloni ya Waingereza. Ndugu wawili wa Bengal walikuwa wamewawekea wakfu vizazi vyao. Majaji waliibatilisha: fungu la mafakiri, waliona, liko mbali mno hata limebaki jina tu. Walipima sadaka yetu kwa mizani yao, ambayo haihesabu kumlisha jamaa kuwa ni sadaka.

Lakini hukumu huandikwa pamoja na sababu zake, na sababu hujibiwa. Jaji Ameer Ali wa Calcutta alikwisha kuitetea fiqhi katika kesi ya mwaka 1893, akiwa upande wa wachache. Shibli Nu'mani akawahamasisha maulamaa. Mwaka 1911 Muhammad Ali Jinnah akapeleka muswada, na mwaka 1913 wakfu ya familia ikahalalishwa kwa sheria.

Hata hivyo hatukubaliani na wanaosifu kila kushindwa. Sheria ile haikurudi nyuma. Wakfu zilizowekwa kabla yake hazikupata kinga hadi sheria nyingine ya mwaka 1930. Waliofungua njia walikwisha kupoteza mali. Imamu anayemshauri mtu aende mahakamani na amweleze hilo waziwazi, hasa ikiwa ndani yake mna haki ya mayatima.

Sheria ya India haikuvuka bahari. Mahakama za Afrika Mashariki ziliendelea kufuata hukumu ya 1894, na wakfu za Waislamu wa pwani zikabatilishwa vilevile. Kenya ilitunga sheria yake mwaka 1951, ikazikubali wakfu zilizokwisha kuwekwa na zitakazowekwa, mradi fungu la mwisho liwe la mafakiri au jambo jingine la kheri.