Daktari Bingwa kwa Njia ya Simu: Unalipia Nini?

Sheria ya Afya ya Kidijitali ya mwaka 2023 inatambua matibabu ya mtandaoni nchini Kenya, nasi twaikaribisha: mgonjwa wa Lodwar aweza kumwona bingwa aliye Nairobi pasipo kulipa nauli. Hata hivyo, simu haipapasi uvimbe. Kwa hiyo, kabla ya kulipa, uliza: bingwa akikuita kliniki, ada ya awali itahesabiwa, au utalipa upya? Hapa ndipo wengi hulipa mara mbili. Baadhi ya watoa huduma hutoza ada ya mwezi, ambayo yaweza kuendelea kukatwa hata usipougua. Uliza namna ya kuisitisha. Bima nyingine hulipia kliniki bila kulipia simu: omba jibu la maandishi mapema, na udai stakabadhi yenye jina la daktari.