Ngitili za Shinyanga: Hekta Peke Yake Hazitoshi

Mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI, ulipoanza mwaka 1986, ngitili zilizorekodiwa zilikuwa kama hekta 600 tu. Mkoa ulikuwa umebaki mweupe. Kwa miongo kadhaa misitu ilifyekwa ili kuangamiza mbung'o, pamba nayo ikadai mashamba, kisha uhamishaji wa watu kwenda vijiji vya ujamaa miaka ya 1970 ukawatenga na maeneo waliyokuwa wakiyatunza.

Ngitili ni malisho ya akiba ya Wasukuma. Mvua zinapoanza, eneo hufungwa ili nyasi zikomae, na ng'ombe huingizwa kiangazi kinapokolea, mwezi wa Julai au Agosti. Humaliza kipande kimoja ndipo kingine kifunguliwe. Miti mingi humo haikupandwa na mtu: visiki na mizizi iliyosalia ardhini ilichipua yenyewe eneo lilipopumzishwa. Sheria zake hutungwa kwenye dagashida, mkutano wa jadi, na anayezivunja hukutana na sungusungu, walinzi wa jadi wa kijiji.

Mwanzoni mwa miaka ya 2000, ngitili zilikadiriwa kuzidi hekta 300,000, katika vijiji zaidi ya 800.

Je, mwananchi alinufaika? Tathmini ya mwaka 2005 ya Wizara ya Maliasili na Utalii pamoja na IUCN ilikadiria kwamba ngitili zilimpatia mtu mmoja thamani ya dola 14 kwa mwezi, ilhali wastani wa matumizi ya mtu wa kijijini nchini Tanzania ulikuwa kama dola 8.50. Kuni, dawa, uyoga, matunda na nyasi za kuezekea vilipatikana karibu, na wanawake wakapunguziwa saa za kutembea kutafuta kuni.

Lakini fisi nao walirudi, wakala mifugo. Zaidi ya hayo, mgawo haukuwa sawa. Mwenye ng'ombe wengi ana ngitili yake mwenyewe. Asiye na hata mbuzi hutegemea ile ya kijiji, na hiyo ndiyo iliyo rahisi kumegwa ardhi inapoadimika. Hekta zinaweza kuongezeka kwenye takwimu huku maskini akipoteza kichaka alimokuwa akichanja kuni.

Kwa hiyo uhifadhi wa Shinyanga umeleta maendeleo, ila haujamlinda kila mtu. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inaruhusu hati ya hakimiliki ya kimila kutolewa hata kwa kikundi. Halmashauri za vijiji zianze na ngitili za jumuiya: zipimwe na zisajiliwe kabla hazijamegwa.