Hatari za Barabara Wakati wa Usiku

Mtu aendaye kwa miguu usiku huziona taa za gari likiwa bado mbali sana, akadhani kwamba dereva naye amekwisha kumwona. Kosa hilo limeua wengi. Katika Kenya, miongoni mwa watu wanaokufa barabarani, waendao kwa miguu ndio walio wengi kuliko wengine.

Gari liendalo kilomita 80 kwa saa hupita mita 22 kwa kila sekunde. Dereva akishtuka, gari huzidi kwenda kabla mguu wake haujafika kwenye breki, na mpaka lisimame kabisa litakuwa limekwenda mita 50 au zaidi, hata barabara ikiwa kavu. Lakini mtu aliyevaa koti jeusi, taa zikiwa zimeinamishwa, mara nyingi haonekani mpaka gari libakize kama mita 30 tu kumfikia. Hapo hata dereva mwangalifu hawezi kumwokoa.

Nguo nyeupe husaidia kwa kadiri. Bora zaidi ni utepe urudishao mwanga, ambao dereva huuona akiwa zaidi ya mita 100. Wengine hununua fulana ya manjano kali wakadhani yatosha. Rangi ile hung'aa kwa nguvu ya jua, na usiku haina kazi kubwa kama haikushonewa utepe huo. Yafaa utepe ufungwe miguuni pia, kwa kuwa mwendo wa hatua humjulisha dereva mara moja ya kuwa kilicho mbele ni mtu, wala si nguzo.

Kwa kuwa magari hupita kushoto, mwenda kwa miguu na ashike kulia, ayaone yanayomjia. Mwenye baisikeli hufuata kushoto pamoja na magari, basi hatari yake hutoka nyuma, asikoona. Taa nyekundu ndiyo mlinzi wake. Mkulima apelekaye maziwa kabla ya mapambazuko huwa nayo, kisha huifunika kwa gunia alilofunga kwenye keria! Kioo chekundu na kifungwe juu ya mzigo wenyewe. Tena taa ya dinamo isitumainiwe peke yake, maana nyingi huzimika gurudumu likisimama, yaani pale hasa mtu anapongoja kuvuka.

Magari mawili yakikutana, aliye karibu nayo hupotea machoni mwa madereva, naye mwenyewe hupofuka kwa muda. Asizitazame taa, bali ukingo wa barabara. Na kama amepanda baisikeli, ashuke, asimame majanini mpaka yapite.