Nyumba isiyokwisha: anza na sakafu, dari lisubiri

Atakayepita Kidahwe akielekea Kasulu au Uvinza ataziona pembeni mwa barabara nyumba nyingi ambazo hazijakwisha lakini tayari zina watu. Ukuta wa matofali ya kuchoma umesimama, bati limepigwa, mlango wa mbele upo. Lipu hakuna, sakafu ni udongo uleule wa kiwanja, dirisha la chumbani limezibwa kwa turubai, na ukilala chali unayaona makenchi. Hakuna aibu katika hilo. Kodi inaisha, mtoto wa tatu amezaliwa, familia inahamia na kumalizia polepole.

Katika nchi za baridi watu wana kawaida ya kumalizia vyumba vya chini ya ardhi na nafasi iliyo chini ya paa ili kupata mahali pa kulala. Kwetu chumba cha chini ya ardhi ni nadra, na nafasi ya chini ya paa haina sakafu ya kubeba mtu. Kazi inayofanana na hiyo ni kulifanya pagala liwe makao ya kufaa. Swali ni moja: fedha kidogo ikipatikana, tuanze wapi?

Wengi huanza na silingi bodi ya sebuleni, maana ndiyo wageni wanayoiona. Ukurasa huu unashauri vingine. Anza na sakafu ya vyumba vya kulala.

Sababu ya kwanza ni papasi. Huyu ni kupe laini, rangi ya vumbi, anayekaa katika nyufa za sakafu ya udongo na sehemu ya chini ya ukuta. Hutoka usiku, hunyonya damu kwa muda mfupi, kisha hurudi ufani kabla hakujapambazuka. Aliyeumwa mara nyingi hana habari. Papasi huweza kukaa miaka bila kula, kwa hiyo nyumba iliyohamwa muda mrefu si salama kwa sababu tu ilikuwa tupu. Mwaka 1905 daktari Mjerumani Robert Koch, akiwa katika Afrika Mashariki ya Wajerumani, alionyesha kwamba vijidudu vya homa ya papasi hupita kutoka kwa kupe mama hadi katika mayai yake. Mwaka huohuo daktari Mwingereza Joseph Dutton, aliyekuwa akiichunguza homa hiyo Kongo, ng'ambo ya ziwa letu, aliugua na kufariki hukohuko. Kijidudu hicho leo kinaitwa kwa jina lake.

Homa ya papasi hupanda kwa siku kadhaa, hushuka kama imekwisha, halafu hurudi baada ya wiki moja hivi. Wazazi, shikeni jambo hili: kile kipimo cha haraka cha malaria, cha tone la damu juu ya kibao cha plastiki, hakiwezi kuiona. Kipimo kinasema hakuna malaria, mgonjwa anarudi nyumbani na panadol, na homa inarudi naye. Inayoonyesha ni damu iliyopimwa kwa darubini. Kwa hiyo mwambieni mganga wa zahanati kwamba mnalala katika nyumba ya sakafu ya udongo. Mama mjamzito aseme mapema zaidi, kwa sababu homa hii huharibu mimba na huua watoto wachanga. Dawa zake zipo na si ghali, ila dozi ya kwanza huweza kumtetemesha mgonjwa vibaya kwa saa kadhaa. Basi asiinywe nyumbani peke yake.

Sababu ya pili ni minyoo na kuhara kwa watoto wanaotambaa. Huko Mexico, katika jimbo la Coahuila, serikali ilianza mwaka 2000 kuwawekea watu maskini zege mahali pa udongo, na watafiti waliofuatilia walikuta minyoo, kuhara na upungufu wa damu kwa watoto vimepungua sana.

Chumba cha futi kumi kwa kumi kinahitaji mifuko mitatu hadi minne ya saruji kwa jamvi la inchi tatu. Shindilia udongo kwanza, tandika nailoni kuzuia unyevu, kisha zege la saruji ndoo moja, mchanga tatu, kokoto sita. Mwagilia siku saba. Mafundi wenye haraka huliacha hilo, na jamvi hupasuka. Mifuko ikikosekana mwaka huu, ziba nyufa kwa udongo wa mfinyanzi, rudia kusiriba kila zinapofunguka, na vitanda vikae mbali na ukuta.

Baada ya sakafu uje uwazi ulio kati ya ukuta na bati. Mbu wa malaria akigonga ukuta hupanda juu, na hapo ndipo anapopata njia. Utafiti uliotangazwa mwaka 2009 kutoka Gambia ulionyesha kwamba nyumba zilizowekewa wavu darini ziliingiwa na mbu karibu nusu tu ya wale walioingia nyumba zisizo na wavu, na watoto wake walikuwa na upungufu mdogo wa damu. Pigilia wavu wa nailoni, usizibe kwa matofali: hewa ipite, maana chini ya bati joto la mchana halivumiliki. Chandarua kiendelee kutumika.

Dari lenyewe sasa. Si lazima liwe la bodi. Viroba safi vilivyoshonwa pamoja na kukazwa kwenye mbao vinapunguza joto na vumbi, mradi koroboi na moto vikae mbali. Popo wakiwamo, subiri watoke jioni ndipo uzibe, na kinyesi chao ukinyunyizie maji kabla ya kufagia, kwani vumbi lake hudhuru mapafu. Mahindi yasiwekwe juu. Panya huyafuata, nyoka huwafuata panya, na mbao za dari hazikutengenezwa kubeba magunia. Ukiuziwa kwa bei ya kutupa vipande vya kijivu vilivyong'olewa katika jengo la zamani, uliza kama ni asbesto. Ikikatwa kwa msumeno hutoa vumbi linaloleta saratani miaka mingi baadaye.

Nyumba ikishafungwa vizuri, jiko la mkaa halina tena ruhusa ya kulala ndani. Zamani uwazi wa juu uliwaokoa wengi bila wao kujua. Usiku wa mvua za masika, chumba chenye dari na dirisha lililofungwa hujaa hewa ya sumu isiyo na harufu, na waliomo hawaamki. Jiko litolewe nje likiwa bado jekundu, kabla ya watoto kuingia kulala.