Majirani wanapounganisha kompyuta zao: Yaliyoukuta mtandao wa Havana

MAJIRANI wanaoishi ukuta kwa ukuta wanaweza leo kuunganisha kompyuta za nyumba zao kwa siku moja, kwa waya wa kawaida au antena ndogo juu ya paa. Wakishaunganishwa hubadilishana mafaili, hucheza michezo pamoja na hata kuchangia huduma moja ya intaneti.

Hata hivyo, yaliyoukuta mtandao mashuhuri wa aina hiyo nchini Cuba yanaonyesha kuwa kuvuta waya ni sehemu ndogo tu ya kazi. Kinachoamua iwapo mtandao utadumu ni makubaliano ya wenyewe kwa wenyewe, pamoja na sheria ya nchi.

Mtandao huo uliitwa SNET, yaani mtandao wa mtaani. Ulianza miaka ya mwanzo ya 2000 jijini Havana, pale vijana walipoanza kuvuta nyaya kutoka nyumba hadi nyumba ili wacheze michezo ya kompyuta.

Wakati huo intaneti ya nyumbani ilikuwa ndoto kwa Wacuba walio wengi. Ni Julai 2015 ndipo serikali ilipofungua vituo 35 vya waifai katika maeneo ya wazi, kwa malipo yaliyokaribia dola mbili za Marekani kwa saa. Intaneti ya simu za mkononi ilifunguliwa kwa wananchi Desemba 2018.

Kwa sababu hiyo, SNET haikuunganishwa na intaneti. Watumiaji wake walipata michezo, kurasa za mazungumzo na nakala ya kamusi elezo ya Wikipedia iliyohifadhiwa katika seva za humo humo. Vikundi vya mitaa viliungana kimoja baada ya kingine, hadi watumiaji wakafikia makumi ya maelfu.

Kila eneo lilikuwa na wasimamizi waliojitolea na michango midogo ya kununulia vifaa. Siasa na picha za ngono zilipigwa marufuku, na aliyevunja masharti alifungiwa kuingia.

Kiufundi, mtu anayetaka kuunganisha nyumba mbili hukutana na maswali yale yale waliyokutana nayo vijana wa Havana. La kwanza ni umbali. Waya wa shaba unaotumika katika mitandao ya kompyuta umekusudiwa kufika mita 100 tu. Zaidi ya hapo huhitajika kifaa cha kupokea na kusukuma mbele mawasiliano, au kutumia faiba.

La pili ni umeme. Kila nyumba ina waya wake wa kupeleka umeme wa ziada ardhini. Nyumba mbili zinapounganishwa kwa shaba, tofauti ya umeme baina yao inaweza kupita katika waya wa kompyuta na kuunguza vifaa, na radi ikipiga karibu hasara huwa kubwa zaidi. Faiba haipitishi umeme, kwa hiyo ni salama zaidi kati ya jengo na jengo. Antena nazo hazihitaji waya kati ya nyumba, mradi zionane bila mti wala ukuta katikati. Lakini kifaa kilichofungwa juu ya paa nacho kinahitaji kinga ya radi.

La tatu ni anwani. Ruta ya nyumbani huzipa kompyuta anwani za namba, na nyingi hutoka kiwandani zikiwa na anwani zinazoanza na 192.168.1. Mitandao miwili ya namna hiyo ikiunganishwa moja kwa moja, kompyuta mbili zinaweza kujikuta na anwani moja, mithili ya nyumba mbili za mtaa mmoja zenye namba ileile. Aidha, ruta zote mbili zitaanza kugawa anwani, na kompyuta ya nyumba hii huenda ikatafuta njia ya intaneti kupitia nyumba ile.

Dawa yake ni kubadilisha namba za upande mmoja, kwa mfano zianze na 192.168.2, kisha kuweka ruta katikati. Kila nyumba hubaki na mtandao wake, na ruta hiyo hupitisha yale tu yanayokwenda kwa jirani.

Ruta hiyo pia husaidia usalama. Faili lililoachwa bila neno la siri kwa ajili ya watu wa nyumbani huonekana na jirani mara mitandao inapoungana, na virusi vya kompyuta navyo hupata njia. Inafaa kufungua huduma zile tu zilizokubaliwa.

Suala la kuchangia intaneti linahitaji uangalifu zaidi. Mikataba mingi ya intaneti ya nyumbani hukataza mteja kuigawa nje ya nyumba yake. Vilevile, kosa likifanyika mtandaoni, anayeonekana kwanza ni mwenye mkataba, hata kama aliyetenda ni jirani.

Kwa SNET, jaribio kubwa lilikuwa sheria. Mei 2019 serikali ya Cuba ilitangaza kanuni mpya za mitandao binafsi, zilizoanza kutumika Julai 29 mwaka huo. Kanuni hizo ziliruhusu watu binafsi kuingiza nchini vifaa vya waifai na kuwa na mitandao yao kwa leseni, jambo ambalo awali halikuwa na njia halali. Lakini ziliweka kikomo cha nguvu ya mawimbi kuwa miliwati 100 na kukataza nyaya kuvuka barabara.

Masharti hayo yalikata viungo vilivyoushikilia mtandao, kwa kuwa nguvu hiyo haikutosha kuunganisha mtaa na mtaa. Agosti 2019 baadhi ya watumiaji walikusanyika kwenye Wizara ya Mawasiliano kutaka mtandao wao usivunjwe. Hatimaye huduma zake zilihamishiwa katika mtandao wa vituo vya kompyuta vya vijana vinavyoendeshwa na serikali, na SNET kama mali ya majirani ikafikia mwisho.

Katika jimbo la Catalonia, nchini Hispania, mambo yalikwenda tofauti. Mwaka 2004 wakazi wa vijiji vya Osona, ambako kampuni za simu hazikupeleka intaneti ya kasi, walianza kuunganisha nyumba zao kwa antena na kuunda mtandao wa guifi.net. Waliandika masharti ambayo kila anayejiunga huyakubali: mtandao ni wa wote, na anayeunganishwa leo huruhusu mwingine kupitia kwake kesho. Mwaka 2008 waliunda taasisi ya kuusimamia, na baadaye mtandao ulitandaza faiba na kupita vituo 30,000.

Afrika Mashariki nayo imeanza kuitambua mitandao hii. Katika mtaa wa Kibera, Nairobi, mtandao wa TunapandaNET umeunganisha shule na vituo vya jamii kwa waifai, na mwaka 2021 Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya ilitoa utaratibu wa leseni mahususi kwa mitandao ya kijamii. Nchini Tanzania, masafa na vifaa vya mawasiliano husimamiwa na Mamlaka ya Mawasiliano (TCRA).

Kwa wanaofikiria kuanza, hatua ya kwanza si kununua antena. Ni kusoma mkataba wa intaneti walio nao na kuuliza mamlaka husika kuhusu nguvu ya mawimbi na nyaya zinazovuka njia. Baada ya hapo waandike nani analipa nini, nani anatengeneza kikiharibika, na vifaa vitabaki kwa nani jirani mmoja akihama.