Spika zako ni kubwa, lakini kwenye menyu chagua ‘Small’: Sababu ni hii

Umefunga hom thieta sebuleni. Spika mbili za mbele ni ndefu, zinafika kiunoni, na sabufa iko pembeni. Unaweka filamu ya vita, lakini mabomu yanavuma tu bila kishindo na maneno ya waigizaji hayasikiki vizuri. Unaongeza sauti, jirani anagonga ukuta.

Kabla hujampigia fundi au kutoa hela ya sabufa nyingine, chukua rimoti. Mara nyingi tatizo liko kwenye neno moja tu ndani ya menyu ya resiva, ile mashine inayopokea sauti na kuigawa kwenye spika zote.

Si ukubwa wa boksi

Kwenye mipangilio ya spika, resiva nyingi hukutaka uchague “Large” au “Small”. Wengi huangalia boksi lilivyo. Likiwa kubwa, wanachagua “Large”, na hapo ndipo kosa linapoanzia.

Swali halisi ni hili: besi ya spika hii iende wapi?

Ukichagua “Large”, spika inapewa sauti yote, hadi besi ya chini kabisa. Ukichagua “Small”, besi iliyo chini ya kiwango fulani inaondolewa kwenye spika hiyo na kupelekwa kwenye sabufa. Ni hivyo tu. Hata kama spika yako ina urefu wa mlango, ukiwa na sabufa nzuri “Small” ndiyo chaguo la kuanzia.

Kwa nini besi isiachiwe spika?

Besi ni mzigo mzito. Ili spika itoe sauti ya hezi 40 kwa nguvu ileile ya hezi 80, koni yake inatakiwa kwenda mbele na nyuma umbali mara nne zaidi. Amplifaya nayo inamaliza nguvu nyingi hukohuko chini. Matokeo yake sauti inakwaruza, na ukizidi kuongeza, koili ya spika inaweza kuungua.

Sabufa imetengenezwa kwa kazi hiyo, na nyingi zina amplifaya yake ndani. Ukiihamishia mzigo, spika za mbele zinabaki na kazi nyepesi na maneno yanasikika vizuri zaidi.

Sabufa ‘imekufa’?

Hii inawachanganya wengi. Katika mfumo wa 5.1, ile 5 ni spika tano, na .1 ni njia maalumu ya mishindo mizito inayoingia kwenye sabufa. Muziki wa kawaida wa kushoto na kulia hauna njia hiyo.

Kwa hiyo spika za mbele zikiwa “Large”, ukipiga muziki sabufa inaweza kukaa kimya kabisa. Mtu anaibeba mpaka kwa fundi, kumbe nzima! Rudisha “Small”, kisha sikiliza tena.

Anza na 80

Baada ya “Small”, tafuta neno “Crossover”. Hapo ndipo unapoweka mpaka kati ya spika na sabufa, kwa hezi, kifupi chake Hz.

Kwa spika nyingi, anza na 80 Hz. Ndicho kiwango kinachotumiwa na THX, mfumo wa ubora wa sauti za sinema ulioanzishwa na kampuni ya Lucasfilm mwaka 1983. Chini ya hapo, sikio linapata shida kujua besi inatokea upande gani, hivyo hutagundua kirahisi kwamba inatoka kwenye boksi lililo pembeni.

Spika zako ni ndogo, za kutundika ukutani? Panda hadi 100 au 120. Ila ukienda juu sana, sauti nene za wanaume zitaanza kutokea kwenye sabufa.

Mambo manne ya kukagua

1. Kitufe cha nyuma ya sabufa. Kama kina alama ya Hz, kizungushe hadi mwisho au weka “LFE”. Mgawanyo unafanywa na resiva, usifanyike mara mbili.

2. “LFE+Main” au “Double Bass”. Zima. Zinapeleka besi ileile kwenye spika na sabufa kwa pamoja, na mara nyingi chumba kinajaa mvumo.

3. Kipimo cha maikrofoni. Resiva ikijipima yenyewe, inaweza kuandika “Large”. Kubali vipimo vingine, hilo badilisha kwa mkono.

4. Sehemu ya kuweka sabufa. Kona huongeza besi, lakini inaweza kuvuma. Weka sabufa kwenye kiti unachokalia, piga wimbo wenye besi, kisha tembea ukiwa umeinama karibu na kuta. Pale besi inaposikika safi, ndipo pa kuiweka.

Na jirani je?

Sauti nene hupenya ukuta kuliko sauti nyembamba. Usiku punguza kiwango cha sabufa peke yake, usiguse sauti ya jumla. Maneno yatabaki vilevile, ukuta utatulia.

Kama hom thieta yako ni ile ya kununua ikiwa kamili kwenye boksi moja, huenda usikute menyu hii. Usihangaike, mtengenezaji ameshagawa besi. Wewe shughulika na mahali pa kuweka sabufa na kiwango chake.

Ukimaliza, rudia filamu ileile kwa sauti ileile. Kama sasa unasikia mshindo na maneno kwa pamoja, hela ya sabufa mpya ibaki mfukoni.